Mtu wa Kuzika

Kulthumu hakubisha hodi. Baba yake alimfundisha hivyo akiwa amelala mkekani kule Ujiji, sauti imekwisha kabisa: ukifika Lweba usimsalimie mtu, usiingie ndani, usinywe maji. Kaa chini uani, jifunge kanga kiunoni, weka mikono kichwani. Watajua wenyewe umeleta nini. Halafu utasikia jinsi watu wanavyolia, mwanangu. Hapa Ujiji hawajui kulia. Wanasoma, wanakula, wanatawanyika.

Basi akafanya vile vile. Asubuhi alikuwa ameshuka kwenye boti katika mji wa Baraka, mara yake ya kwanza kukanyaga Kongo ingawa alikuwa na miaka ishirini na minane. Askari wa pale ufukweni akamfungua mfuko, akatoa sukari, akatoa sabuni, akamuuliza amekuja kufanya nini.

"Kuona ndugu."

"Bado wako?" Askari akacheka, akamrudishia mfuko umekuwa mwepesi.

Mtu wa baiskeli akampakia mpaka Lweba, akamshusha mbele ya nyumba ya baba yake mdogo, Jafari. Kulthumu akakaa kwenye vumbi, akaweka mikono kichwani, akangoja. Bata wawili wakaja, wakamtazama, wakaenda zao. Ilikuwa mchana wa mwezi wa saba, mwaka 1998.

Wa kwanza kutoka alikuwa shangazi yake Furaha, mwanamke mnene mwenye ungo wa ndagala mkononi. Alipomwona mtu amekaa vile, ungo ukaanguka, samaki wakatawanyika.

"Jafari, toka! Kilio! Kilio imeingia!"

Majirani wakafika mbio, wanawake wakifunga vitambaa viunoni huku wakikimbia. Walikuwa tayari. Midomo imekwisha kufunguka, imebaki tu kujua jina.

"Ni nani, mutoto? Sema ni nani!"

"Ni Uledi," Kulthumu akasema. "Mimi ni binti yake wa Ujiji. Baba amefariki."

Midomo ikafungwa, mmoja mmoja, kama milango ya maduka askari wakipita barabarani. Furaha akamkazia macho.

"Uledi gani?"

"Kaka yako."

"Mutoto," Furaha akasema polepole, "Uledi tulishamulilia. Kaburi yake iko pale nyuma ya musikiti. Mwaka moja na miezi minane sasa."

"Alikufa mwezi wa tano, shangazi. Mwaka huu. Nilimfunga kidevu mwenyewe."

Mama mmoja wa nyuma akasema, "Ee, huyu iko na bahati. Anakufa mara mbili, na bantu yetu bengine hata mara moja hatukupata kuzika." Mtu akacheka. Wengine wakafungua vitambaa viunoni, wakaanza kumsaidia Furaha kuokota ndagala.

Kulthumu alibaki amekaa, mikono bado kichwani, hajui aishushe lini.

Lweba hakuna jambo lililoanza jana, kwa hiyo lazima mtu arudi nyuma. Mwaka 1964 watu wa huku waliambiwa kwamba uhuru wa kwanza ulikuwa wa uongo, sasa unakuja wa pili, wa kweli. Uledi alikuwa kijana. Uhuru wa pili ulipofuatwa na askari wa serikali waliokuja kuusafisha, akavuka ziwa na sufuria moja na shati moja. Ujiji akaoa, akamzaa Kulthumu. Mambo yalipotulia akarudi Lweba, akaoa mke wa pili, akawa mtu wa nusu mwaka huku, nusu mwaka kule. Mwisho wa Oktoba 1996 wakaja wengine, na hawa walijiita wakombozi. Wazee hawakushangaa, neno tu ndilo lilikuwa jipya. Kila anayekuja kuitawala nchi hii ya Fizi huhesabu mbuzi kwanza. Watu huwahesabu baadaye, tena wale waliobaki.

Siku hizo za kukimbia, Uledi aliingia boti pale Baraka mchana kweupe, kila mtu akimwona. Boti ikazama ng'ambo ya rasi ya Ubwari. Ambacho watu hawakukiona ni kwamba kabla ya kuzama ilisimama Ubwari kupakia wengine, na Uledi, mtu mgomvi tangu utoto wake, akagombana na mwenye boti juu ya gunia la mchele, akashuka nalo huku akitukana. Wiki tatu baadaye wavuvi wakamvusha mpaka Ujiji. Ukorofi wake ulimpa mwaka mmoja na nusu wa kuishi.

Lakini siku ya sita baada ya boti kuzama, maji yalileta mtu kwenye ufuko wa Lweba, na Lweba ikasema ni Uledi.

Wakampa Kulthumu kiti, wakampa bugali wa muhogo na samaki, wakamuuliza habari za safari. Hapo ndipo alipoelewa. Mleta kilio hapewi kiti. Walikuwa wanampokea kama mgeni wa kawaida, mtoto wa ndugu aliyekuja kusalimia likizo. Akala. Tangu mwezi wa tano alikuwa anakula chochote anachowekewa, anajibu anachoulizwa, na yote yanamfikia kama redio ya jirani ukutani. Hakulia siku ya kufa kwa baba, hakulia siku ya kuzika. Alidhani machozi yamemtangulia Lweba, kwamba huko ndiko yanakopatikana.

"Nataka matanga ya baba," aliwaambia alipomaliza kunawa. "Siku tatu tu. Ndicho alichonituma."

Furaha akatikisa kichwa. "Haiwezekane. Hapa muntu analiliwa mara moja. Tukikaa chini leo kulia Uledi, bantu bataniuliza: na ule mwengine mulimulilia siku saba, alikuwa nani?"

"Alikuwa nani, shangazi?"

"Miye najua? Mi si mwanaume. Haikukuwa miye nilimuosha."

Akamtazama Jafari. Jafari alikuwa mtu mwembamba, fundi wa mitumbwi, na tangu mchana alikuwa hajasema neno zaidi ya karibu. Akainuka akaenda kwenye kazi yake.

Asubuhi Kulthumu alipita nyuma ya msikiti. Kaburi lilikuwa safi, limepaliwa, na kibao kichwani kimeandikwa kwa rangi ya bluu ya mitumbwi: ULEDI. Alilitazama jina. Ni kweli lilikuwa la baba yake. Alijaribu kuona ajabu kusimama pale, hakuona. Akashuka ufukoni.

Jafari alikuwa anakalafati mtumbwi wa mbao, anasukuma pamba kwenye nyufa kwa patasi butu. Hakusimamisha mkono.

"Baba mdogo. Nani yuko mle?"

"We umelala muzuri?"

"Nimelala. Nani yuko mle?"

Patasi ikagonga mara tatu, nne.

"Alikuwa na medali ku shingo," Jafari akasema. "Ya Bikira Maria. Na kamba ya nailoni. Niliiona mbele ya kumwaga maji ya kwanza. Nikaitoa, nikaiweka."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Ukamwosha hivyo hivyo."

"Nikamuosha, nikamuvalisha sanda, tukamuswalia." Akageuka sasa, akamtazama. "We haukukuwa hapa. Siku zile kila nyumba iko na muntu amepotea na hakuna nyumba iko na maiti. Asubuhi bamama banatoka bote kusimama ku maji, banaangalia tu. Hakuna mwenye kulia, juu utalia nani na haujaona? Furaha alikaa siku sita bila kula. Mke ya baba yako alikuwa anakaa mulangoni na begi yake imefungwa. Halafu maji inatuletea muntu. Murefu kama Uledi. Uso, samaki walishakula. Nikasema: ni yeye. Bote bakapumua. Ungesikia kilio ya siku ile! Kila muntu alilia wake mule ndani. Tulikuwa na lazima ya muntu wa kuzika, njo vile."

"Baba aliandika barua. Tatu."

"Mbili zilifika."

"Ulizisoma?"

"Nilisoma."

"Alikufa anasema ndugu yangu amenisahau. Alisema hivyo mpaka siku ya mwisho."

Jafari akachukua pamba nyingine, akaisokota. "Mke yake alikuwa amemaliza eda, ameolewa kule Mboko, iko na mimba. Ningeandika nini? Uledi, uko muzima huko, lakini hapa hauko?"

Kulthumu alingoja hasira ije. Alijua kwamba inapaswa kuja, aliisafishia nafasi. Haikuja. Upepo ulikuwa unapeleka harufu ya mafuta ya mawese na lami, na mtu mmoja mbali anaogesha baiskeli yake ziwani.

"Mwenye medali unamjua?"

"Ku boti mule Bakatoliki walikuwa babili. Moja alikuwa mufupi." Akaweka patasi chini. "Huyu ni Bonaventure, wa Lubondja. Alishuka Baraka na maharagi ya kuuzisha, vita ikamukuta soko. Iko na mama yake, Mama Émilienne. Kila siku ya soko anashuka kuuliza bantu ya boti: hamukuona kijana wangu Kigoma? Nikimuona mi napita njia ingine."

"Nipe hiyo medali."

Furaha alipoambiwa wanapanda Lubondja, alisimama katikati ya mlango, ameuziba kwa mikono yote miwili.

"Munajua munafanya nini? Ule mama, leo mutoto yake iko muzima. Iko kambini, anakula posho ya Bazungu, amesahau kuandika tu kama vijana. Ninyi mutafika saa kumi, na saa kumi ile atakufa. Kulthumu! Si vita itamuua, ni we!"

"Baba yangu hajaliliwa, shangazi."

"Baba yako amekufa! Haimuumize tena!"

"Ndiyo," Kulthumu akasema. Alijua Furaha anasema kweli, na alijua kwamba ataenda, na mambo hayo mawili yalikaa ndani yake bila kugombana. Akafunga medali kwenye ncha ya kanga.

Ni kutwa ya mguu kupanda Lubondja. Walipita kizuizi cha askari mahali ambapo barabara inaacha mihogo na kuanza mlima. Askari walikuwa wameanza kutazamana vibaya wao kwa wao mwezi ule, waliokuja pamoja kukomboa sasa wanalala mbalimbali, na mtu yeyote mwenye kumbukumbu angeweza kusoma maana yake. Walichukua kofia ya Jafari. Jafari akaendelea kupanda na kichwa wazi. Huko juu nyumba zilizochomwa zilikuwa zimeshaota maboga ndani.

Mama Émilienne alikuwa anageuza mihogo kwenye jiwe pana, mwanamke mkavu, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Alimwona Jafari kutoka mbali.

"Eh! Papa Jafari! Leo miguu yako inapanda? Kila siku ya soko ukiniona unaruka nyuma ya maduka kama mbuzi ya kula shamba ya bantu! Nilisema labda ninamudai deni, ananikimbia!"

"Jambo, Mama Émilienne."

"Jambo yako. Na huyu muzuri, umemuiba wapi?"

"Ni binti ya kaka yangu. Anatokea Kigoma."

Sauti kubwa ikakatika. Mama akapangusa mikono kwenye kitenge, akakimbia ndani, akatoka na kiti kimoja, akakipangusa vumbi.

"Kaa, mama, kaa. Kigoma! Ulipita Lugufu? Ao Nyarugusu? Banasema kambi ni nyingi. Iko kijana moja murefu, anasema haraka haraka, huwezi kumusahau, ukimuuliza jina mara moja atakuambia na ya babu yake. Bonaventure."

Njiani Kulthumu alikuwa amepanga maneno. Alikuwa nayo yote, kwa mpangilio. Akafungua ncha ya kanga, akaweka medali kwenye kiganja cha yule mama.

Mama Émilienne aliitazama. Akaipindua. Akagusa fundo la kamba ya nailoni, mafundo mawili, moja juu ya jingine, ya mtu asiyeamini fundo moja. Uso haukubadilika. Akakaa yeye mwenyewe kwenye kile kiti alichomletea mgeni.

"Nani alimuosha?"

"Miye," Jafari akasema.

"Na maji ya baridi?"

"Ya moto. Tulipasha."

"Alikuwa na viatu?"

"Hakukuwa na viatu, mama."

"Alinunua vipya." Akatikisa kichwa kwa ajili ya vile viatu. "Mulimuweka wapi?"

Jafari akamweleza yote. Msikiti, sanda, jina la Uledi, siku saba, barua. Alisema akiwa amesimama, kichwa wazi, kama mtu mbele ya hakimu, na hakujipunguzia kitu. Mama Émilienne alimsikiliza mpaka mwisho, kidole kikizunguka juu ya medali.

"Bantu walikuwa wangapi?"

"Bengi. Hata ya kijiji ya Mizimu walifika."

"Walilia wakisema nini?"

Jafari akasita. "Walisema... Uledi, mukali. Uledi, muntu ya kugombana na kila boti. Uledi, mukunywaji wa sukari."

"Bonaventure hakukunywa sukari!" Ndiyo mara ya kwanza sauti yake kurudi. "Na hakugombana na muntu! Mutoto wangu muliimba juu yake mambo ya muzee fulani! Alilala pale anawasikia, anajiuliza: hawa banalia nani?" Akainuka, akamsogelea Jafari mpaka kifuani. "Miye nilikuwa nashuka kila soko. Kila soko! Nalala njiani. Nauliza mpaka bavuvi banachoka. Na we uko nyuma ya duka na medali yake!"

"Ndiyo, mama."

"Utatoa ile kibao."

"Nitatoa."

"Utaandika Bonaventure. Musalaba uache, hatutapigana juu ya musalaba. Jina tu. Na wale wale bantu utawaita tena, bote, na ya Mizimu, balie vizuri. Mi nitashuka kuwaambia ya kusema."

"Nitawaita."

Alipomaliza na Jafari akamgeukia Kulthumu, akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu na si kama Kigoma.

"Na we, ulipanda mulima huu wote juu ya nini? Angeweza kukuja yeye peke yake."

"Baba yangu hajaliliwa, mama. Lweba wamekataa. Jina lake limekwisha kutumika."

Mihogo kwenye jiwe ilikuwa inageuka rangi, na hakuna aliyeigeuza. Kisha Mama Émilienne akatembea mpaka kwenye ukingo wa kiwanja chake, akaweka mikono miwili kichwani, akapiga ukelele mmoja mrefu kuelekea nyumba za chini.

Wanawake wakaja kutoka mashambani, majembe bado mabegani, wakifunga viuno. Watano, tisa, zaidi ya kumi. Mmoja, mnene, mwenye meno yaliyoachana, akauliza wakati bado anatweta, "Ni nani, Émilienne? Ni Bonaventure?"

"Ni babili," Mama Émilienne akasema. "Ni Bonaventure, na ni baba ya huyu. Tutaanza na yake."

"Yake? Na wako je?"

"Wangu iko nyumbani, Godelieve. Hapa kwetu ni nani anakula mbele, mugeni ao mwenye nyumba?"

"Mugeni."

"Basi."

Hakuna aliyebishana. Wakakaa chini kwenye maganda ya mihogo, miguu imenyooshwa. Godelieve akamgeukia Kulthumu, mdomo umeshaanza kutetemeka, akakuta hana la kutamka.

"Sasa tuambie," akasema. "Hatumujui. Alikuwa muntu ya namna gani? Tutalia nini?"

Wote wakamtazama. Kulthumu akafikiri. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hilo, wala Ujiji wala Lweba.

"Alikuwa mkali," akasema.

"Mukali," wakaitikia, chini kwa chini.

"Alikuwa anatia sukari kwenye kikombe kabla ya chai. Ukimwona anavyotia, unaondoka."

"Ee."

"Mbuzi wakiingia uani aliwatukana kwa Kibembe. Watu aliwatukana kwa Kiswahili. Kibembe aliwawekea mbuzi."

Mama mmoja akacheka, na cheko likakatika katikati likawa kitu kingine. Jafari alikuwa amekaa mbali, karibu na mlango, uso katikati ya magoti.

"Endelea."

"Hakununua kitanda," Kulthumu akasema. Sauti yake ilikuwa ile ile aliyomjibia askari wa Baraka. "Miaka thelathini na kitu Ujiji, alilala mkekani. Mama alimwomba, alikataa. Alisema kitanda changu kiko Lweba, nina vitanda vingapi? Alipougua nikaazima cha jirani. Nikamwekea juu. Nilipotoka kuchota maji, nikarudi, nikamkuta ameshateremka chini peke yake."

Godelieve ndiye aliyeanza. Sauti ilitoka tumboni, nene, haikuwa na haraka: Uledi, shuka, Uledi, mukeka wako iko wapi, Uledi, nani alikalia kitanda yako? Wengine wakaingia chini yake. Mama Émilienne alikuwa katikati yao, amefumba macho, medali ndani ya ngumi, analia kitanda cha mzee asiyemjua kwa nguvu zake zote, na ngumi inapiga paja, inapiga paja.

Kulthumu aliwatazama. Alikuwa anasikia kila neno. Maji yalikuwa yanawamwagika usoni wanawake kumi na wawili wa Lubondja, na yeye uso wake ulikuwa mkavu, na vidole vyake vilikuwa vinabandua maganda ya muhogo yaliyonasa kwenye kanga, moja baada ya jingine.

Sauti zilipoanza kushuka, Mama Émilienne akafumbua macho, akamsukuma bega.

"Leta ingine," akasema. "Huyu bado hajatosha."

"Alikuwa hapendi kuamshwa," Kulthumu akasema.